Rivyu ya logo mbili za mashirika ya usonji Marekani: moja imebadilika kweli, nyingine imeongezwa rangi tu

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asome aende zake. Autism Society of America walibadilisha logo na muonekano wao wote mwaka 2021, wakaachana kabisa na kile kipande cha pazo kinachojulikana kama alama ya usonji, hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Autism Speaks walibadilisha ya kwao 2020, wakabakiza kipande kilekile, wakakimwagia rangi nyingi badala ya bluu peke yake, hiyo naipa nyota mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya waliochora maana kazi ya mikono yao ni safi, tatizo ni walichoambiwa wachore.

Utaniuliza logo za Wamarekani zinatuhusu nini sisi wa Kariakoo. Zinatuhusu sana. Mimi kazi yangu ni dizaini na kuprinti, tisheti, mabango, kofia, mihuri, kadi, chochote kinachoshika wino, na mdogo wangu wa tumbo moja ana usonji, autism kwa Kiingereza, hali ya akili kufanya kazi kivingine, kwa hiyo vikundi vya wazazi, walimu wa vitengo vya elimu maalumu na vijana wa makanisani wananijua. Mwezi wa tatu ukifika katikati simu zinaanza kuita, tarehe 2 Aprili inakuja, siku ya usonji duniani, watu wanataka tisheti za bluu zenye "ile alama". Na ile alama inakuja WhatsApp, skrinishoti ya skrinishoti, imechoka, pembeni ina ukungu, ukiikuza inakuwa vibox vibox, na ni kile kipande cha pazo, ule mchezo wa watoto wa kuunganisha vipande mpaka picha itokee. Hakuna anayejua kimetoka wapi wala nani alikichora. Wanajua tu usonji alama yake ni hiyo. Kwa hiyo mashirika makubwa ya kule yakibadilisha logo yanabadilisha na tisheti za huku, itachukua miaka lakini itafika, ndio maana nimekaa nikazichambua hizi mbili kama ninavyochambua kazi ya mteja anayenilipa.

Tuanze na kipande chenyewe, maana huwezi kuhukumu logo mpya kama hujui ya zamani ilikuwa inasema nini. Hakikuanzia Marekani, kilianzia London. Mwaka 1962 wazazi waliungana wakaanzisha chama ambacho leo kinaitwa National Autistic Society, na 1963 mzazi mmoja aliyekuwa kwenye kamati, Gerald Gasson, akawachorea alama: kipande cha pazo, na katikati yake mtoto analia. Sababu walizieleza wenyewe, kwamba hali hii ni fumbo na watoto wao hawaingii kwenye jamii, hawakai kwenye nafasi, na mtoto anayelia ni kukumbusha kwamba wanateseka. Kulikuwa na sababu nyingine ya kawaida kabisa ambayo dizaina yeyote ataielewa, waliangalia wakaona hakuna kampuni wala chama kingine chenye alama inayofanana na hiyo.

Wale wazazi mimi siwalaumu hata kidogo. Enzi zile kulikuwa na madaktari wanaowaambia akina mama kwamba ubaridi wao wenyewe ndio uliomfanya mtoto awe vile, shule hazimpokei, majirani wanasema yao, mtu ana uchungu akachora uchungu wake. Ile ni logo ya mzazi. Lakini wale watoto walikua, wakawa watu wazima, wengine wakasoma, wengine wakaandika, wengine hawaongei kwa mdomo lakini wanaandika kwa kompyuta, wakaiangalia ile alama wakasema sisi hatujapungua kipande chochote. Na chama chenyewe cha London kilishaachana nacho, huku sisi bado tunakiprinti.

Autism Society nao, ambao walianza 1965 na kina Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji na aliyepigana sana kuonyesha kwamba mama hana kosa, wao 1999 walileta ule utepe wenye vipande vya pazo vya rangi rangi, nyekundu, njano, bluu. Ule utepe ndio ulizaa kila kitu unachokiona kwenye vikombe na stika za magari. Halafu 2005 Bob na Suzanne Wright, babu na bibi wa mtoto mwenye usonji, wakaanzisha Autism Speaks, kipande kikawa kimoja, cha bluu, kimepindapinda kidogo kama kina kichwa na mikono, na kuanzia 2010 wakawa na kampeni ya kuwasha taa za bluu kwenye majengo makubwa kila Aprili, Empire State Building na mengine duniani kote. Kibiashara ile ilikuwa brandi ya nguvu sana, lazima nikiri, rangi moja, umbo moja, siku moja kwa mwaka. Bluu yetu ya tisheti imetoka hapo.

Sasa kuna utafiti ulichapishwa 2018 kwenye jarida la Autism, Morton Ann Gernsbacher na wenzake, walichukua watu 400 wa kawaida tu wakapima wakiona kipande cha pazo akili zao zinaenda wapi. Zikaenda kwenye upungufu, kutokukamilika, kasoro, kitu cha ajabu. Na haijalishi kipande ni cha shirika la usonji au ni pazo la kawaida la dukani. Mwaka huohuo jarida lenyewe likakitoa kipande kwenye jalada lake, baada ya kukaa nacho miaka mingi. Kwa dizaina hapo kesi imeisha. Logo kazi yake ni kusema jambo kabla mtu hajasoma maandishi, na kama inasema "huyu kapungukiwa" kabla hujafungua mdomo, basi kila hela unayotumia kuitangaza inafanya kazi dhidi yako, ukiongeza bango umeongeza tusi.

Ndio maana logo ya Autism Speaks ya 2020 imenikasirisha. Ushahidi upo miaka miwili tayari, watu wazima wenye usonji wamepiga kelele miaka na miaka, Autistic Self Advocacy Network, shirika la wenye usonji wenyewe, wapo tangu 2006 na msemo wao unajulikana, lolote linalotuhusu lisifanyike bila sisi. Autism Speaks wakakaa, wakatoka na kipande kilekile, ila sasa bluu inayeyuka kuingia kwenye rangi nyingine. Wakasema rangi zinaonyesha upana wa usonji, kwamba hakuna wawili wanaofanana. Sawa, wazo la rangi nyingi ni zuri na ni la kweli. Lakini umelipaka juu ya nini? Umbo ndilo linaloongea kwanza, rangi inafuata, hii wanafundisha wiki ya kwanza ya kozi. Ukiwa na nyumba ina ufa ukapaka rangi saba, una ufa wa rangi saba.

Nisiwe mtu wa kusema mabaya tu, shirika lile limebadilika kwa mambo mengine. Mwaka 2016 waliondoa neno la "tiba", kwa maana ya kuuponya usonji, kwenye malengo yao, na mwishoni mwa 2015 waliwaingiza watu wenye usonji kwenye bodi. Hayo si madogo. Kabla ya hapo, 2009, walitoa video ambayo usonji unaongea kwa sauti ya kutisha kama jambazi anayekuja kuvunja ndoa yako na kumaliza pesa zako, watu wakalia wakapinga mpaka ikaondolewa, na 2013 John Elder Robison, mwandishi mwenye usonji aliyekuwa anawashauri upande wa sayansi, akajiuzulu. Ukiwa na historia hiyo, siku unabadilisha logo ndiyo siku ya kuonyesha kwamba ukurasa umegeuka. Ile ilikuwa nafasi ya dhahabu na hawakuitumia. Mtu aliyeumizwa na kile kipande akikiona kina rangi nyingi haoni upya wowote, anaona kipande.

Autism Society walifanya tofauti. Kwanza hawakuanza na logo. Mwezi wa tatu 2021 walitangaza kwamba mwezi wa Aprili wanautaka uwe wa kuwakubali watu wenye usonji badala ya kuishia kuufahamu tu usonji, jambo ambalo watu wenye usonji wenyewe walikuwa wamelianza tangu 2011. Halafu baadaye mwaka huohuo ndio wakaja na muonekano mpya, utepe wa pazo wakauweka kando, wakaleta wazo la kitambaa, rangi nyingi zinazopishana kama zimefumwa, na kauli kwamba wewe ndiye kiunganishi. Angalia mpangilio huo. Msimamo kwanza, picha baadaye. Wateja wangu wengi wanakuja kinyume, wanataka logo mpya kwanza halafu tutaona tunasimamia nini, na unachora unachora hakuna kinachokaa kwa sababu hakuna neno la kukalia.

Na wazo la kitambaa lina akili. Kwenye pazo kuna nafasi moja tu ya kila kipande na asiyeingia yupo nje. Kwenye kitambaa kila uzi unashikilia mwingine, ukiutoa mmoja si kwamba umebaki na picha yenye tundu, kitambaa chote kinalegea. Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo mdogo wangu ndiye anajua kila kitu kilipo, funguo, rimoti, cheti cha kuzaliwa cha nani kipo droo gani, mama alikuwa hatafuti kitu, anamuuliza yeye, na yeye haongei sana, ananyoosha kidole. Hakuna aliyekuwa anamtafutia nafasi ya kuingia, alishaingia siku nyingi. Ile logo inaongea habari ya nyumba kama yetu, ile ya zamani haikuwa inaongea habari yetu kabisa.

Kitu kingine ambacho watu wasiofanya kazi hii hawakioni ni kazi ya kuwabadilisha matawi. Autism Society wana matawi zaidi ya 70, kila moja lina jina lake, mabango yake, websaiti yake, akina mama wake waliojishonea utepe. Kubadilisha logo ya makao makuu ni kazi ya mchana mmoja kwenye kompyuta. Kumshawishi mzazi wa tawi la mbali ambaye amevaa ule utepe tangu mtoto wake agundulike, utepe ndio uliomfanya ajue hayuko peke yake, ukamwambia autoe, hiyo ni kazi ya miaka. Na bado wameifanya. Nyota moja nzima nimewapa hapo, kwa ujasiri wao.

Haya sasa mtihani wa mezani. Logo yoyote inayopita kwenye ofisi yangu naipitisha kwenye mambo ambayo ndiyo maisha yenyewe ya logo huku kwetu, sio kwenye ile picha nzuri ya bango la ukutani wanayokuonyesha kwenye prezentesheni. La kwanza ni muhuri. Chama cha huku bila muhuri si chama, barua ya halmashauri inataka muhuri, benki inataka muhuri, risiti inataka muhuri. Muhuri ni wino mmoja, duara dogo, mpira uliochongwa, na anayegonga ana haraka. Kipande cha Autism Speaks kikiingia kwenye muhuri zile rangi zote zinazoyeyukiana zinapotea, unabaki na nini? Kipande cha pazo, cheusi, au cha zambarau kama pedi ya wino ni ya zambarau. Ule upya wote wa 2020 umeondoka na pumzi moja, imerudi 2005. Hii kwangu ndiyo hukumu ya mwisho ya ile kazi, kama mabadiliko yako yapo kwenye rangi peke yake basi fotokopi moja inayafuta.

Ya Autism Society nayo haitoki hapo salama, ndio maana haina nyota ya tano. Wazo la kufuma linategemea rangi zipishane ndipo jicho lione uzi huu unapita juu na ule chini. Ukiitia rangi moja lazima uache vinafasi vyeupe pale nyuzi zinapokutana, na ukiipunguza ikae kwenye kile kiduara cha dipii ya WhatsApp vile vinafasi vinaanza kuzibana, inakuwa doa zuri lakini doa. Logo ya chama cha wazazi huku inaonwa mara mia kwenye dipii kabla haijaonwa mara moja kwenye bango. Kwa shirika la Marekani lenye bajeti ya kuprinti rangi zote hilo si tatizo kubwa, kwa kikundi cha Mbagala ni tatizo.

Skrini, si ya simu bali ile ya kuprintia tisheti, ni habari nyingine. Kwenye skrini kila rangi ina fremu yake, unapaka dawa, unachoma na mwanga, unaosha, unapanga tisheti kwenye meza zisisogee hata unywele, rangi ya kwanza ikauke, ya pili, ya tatu. Rangi moja ni bei ya chini, rangi sita ni bei ya harusi. Na rangi zinazoyeyukiana kwenye skrini ya kawaida hazitoki, unapata mstari pale zinapokutana au matope. Kwa hiyo mteja anaangukia kwenye stika ya hiti presi, ile inayobandikwa kwa moto, na inatoka inang'aa, rangi zote zipo, bei imeshuka, kila mtu anafurahi.

Isipokuwa anayeivaa. Hapa naomba nikae kidogo maana sijaona rivyu yoyote ya brandi za usonji inayoligusa. Watu wengi wenye usonji ngozi zao zinasikia kuliko zetu, mshono unawakera, lebo ya shingoni inawakera, kitambaa kigumu kinawakera mpaka hawawezi kuwaza kitu kingine. Na sisi tunafanya nini siku yao? Tunambandikia mtoto plastiki kubwa ya rangi sita kifuani, haipitishi hewa, inakakamaa ikipata jasho la Aprili la Dar, halafu tunampanga kwenye maandamano yenye spika na tarumbeta na tunashangaa analia. Mdogo wangu tisheti ya namna hiyo anaikaa nayo mpaka tufike kivuli cha kwanza, anaanza kuichokonoa na kucha pembeni, taratibu, kwa makini kweli kweli, mpaka imeanza kubanduka, akimaliza kona moja anahamia nyingine. Hafanyi fujo. Anaondoa kitu kinachomuumiza.

Kwa hiyo mimi siku hizi kazi za usonji nazifanya kwa wino wa maji, ule unaoingia ndani ya uzi na ukipitisha mkono hausikii kitu, kwenye tisheti ya pamba, rangi ya kitambaa ni nyeupe au kijivu maana wino wa maji kwenye kitambaa cheusi hauonekani vizuri, logo ndogo upande wa moyo, na lebo ya shingoni nakata kabisa mpaka kwenye mshono. Inamaanisha logo lazima iwe ya rangi moja au mbili. Hiyo ndiyo dizaini ya usonji. Shirika likinitumia faili la logo mpya lenye kurasa arobaini za jinsi ya kutumia rangi, halina hata mstari mmoja unaosema isiprintiwe kwa plastiki kwenye kifua cha mtoto, mimi nauliza hiyo brandi imetengenezwa kwa ajili ya nani.

Na bluu? Watu wanapenda kuniuliza kama bluu yenyewe ina ubaya. Rangi haina kosa, bahari ni bluu. Ila bluu ya kampeni ile ilikaa vizuri sana na dhana kwamba usonji ni wa wavulana, kwa sababu wavulana wanaogundulika ni wengi, karibu wanne kwa msichana mmoja kwa hesabu zilizozoeleka, na sasa wataalamu wanasema wasichana wengi walikuwa wanapitwa, wanajifunza kuficha, wanaiga wenzao, wanachoka kimyakimya mpaka wanakuwa akina mama ndipo wanajua. Wenye usonji wenyewe wakaanzisha Aprili nyekundu kujibu ile bluu. Kuna pia utafiti mdogo wa 2016 wa Ufaransa, wavulana 29 wenye usonji, walionyeshwa rangi wakawa wanaikwepa njano kuliko watoto wengine na wanapenda zaidi kijani na kahawia. Ni watoto 29 tu usiende kupaka shule nzima kwa ajili yao, lakini ukikumbuka ule utepe wa 1999 ulivyokuwa umejaa njano kali, nyekundu kali na bluu kali, unajiuliza kama kuna mtu aliwahi kuuliza macho ya wanaohusika. Rangi zilizopoa zinasomeka vizuri tu kama tofauti ya giza na mwanga ipo, wino mzito juu ya karatasi ya krimu, huna haja ya kumulika mtu machoni.

Mama mmoja wa kikundi ninachokifanyia kazi, mwanae ana miaka tisa, nilipompelekea michoro isiyo na pazo aliiangalia muda mrefu akaniambia, "Kaka, sasa tukiitoa watu watatujuaje?" Ni swali zito na sitaki kulipuuza, maana huyo mama ndiye anayesimama kituo cha daladala na tisheti. Nikamwambia, "Mama, twende nje." Tukaichukua tisheti ya mwaka uliopita tukaitandika pale mlangoni, wapita njia tukawauliza hii ni ya nini. Mmoja akasema duka la michezo ya watoto. Mwingine akasema kampuni ya simu. Muuza maji akasema chama cha mafundi. Dada mmoja tu ndiye alijua, na yeye ni mwalimu. Halafu nikaandika kwa maka pen kwenye karatasi, USONJI, herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo, mtoto wangu anakusikia hata kama hakujibu. Watu walisimama. Mzee mmoja alisimama akaanza kusimulia mjukuu wake, mpaka chai ikapoa. Yule mama akasema basi tuandike hivyo.

Hiyo nadhani ndiyo tofauti kubwa ya kule na huku. Marekani alama inajulikana mpaka imechokwa, vita yao ni kuitoa kwenye akili za watu. Huku alama haijaingia hata kwenye akili za watu, tuna bahati ya kuanza na ukurasa mweupe, na tunaitumia bahati hiyo kukopi kitu ambacho wenyewe wanakitupa.

Kwa wanaotaka alama bado, ipo ile ya namba nane iliyolala, ya kutokuwa na mwisho, ilianza kutumika 2005 siku ya kwanza ya fahari ya watu wenye usonji, tarehe 18 Juni, na imetoka kwa wenye usonji wenyewe. Ya rangi za upinde wa mvua wengi wanaitumia kwa watu wote ambao akili zao zinafanya kazi kivingine, ya dhahabu ni ya usonji hasa, kwa sababu dhahabu kwenye kemia ni Au, herufi zilezile zinazoanzisha neno autism. Kiufundi ni ndoto ya mtu wa skrini. Mstari mmoja, rangi moja, inakaa kwenye muhuri, inakaa kwenye dipii, inadarizika kwenye kola ya tisheti bila kugusa ngozi, mtoto mwenyewe anaweza kuichora kwa kidole kwenye mchanga. Ushauri wangu tu ya upinde wa mvua mziulize familia kwanza, huku kwetu zile rangi zikipangwa hivyo watu wana tafsiri yao nyingine na mzazi ambaye tayari ana vita nyingi hahitaji kuongezewa moja, ya dhahabu haina maneno.

Cha mwisho ni cha kisheria na naomba viongozi wa vikundi mkisikie kabla ya Machi. Logo ya Autism Speaks na hiyo mpya ya Autism Society zote ni mali za wenyewe, zimelindwa, usiichukue ya kitambaa kwa sababu nimeisifia hapa ukaibandika kwenye katiba ya chama chako. Chukueni utaratibu wao: andikeni kwanza mnasimamia nini kwa sentensi moja, iwepo meza ambayo angalau mtu mmoja mwenye usonji amekaa na ana sauti, asiyeongea muonyesheni michoro muangalie anashika ipi na anasukuma ipi, kisha mje na hiyo sentensi kwangu au kwa dizaina yeyote mliye naye karibu. Muombeni faili la vekta, lile unalolikuza bila kuwa vibox vibox, toleo la rangi moja, na toleo dogo la dipii. Asipokupa hayo matatu usimalizie kumlipa.